Vifuniko Kumi na Sita na Ndoo Moja ya Bati

Jumanne, 8 Julai 2025

Pup. Hiyo ndiyo sauti ya kifuniko cha bakuli la Anold kikibana juu ya wali wa moto, kila asubuhi kabla hajaenda bandarini, miaka mitatu ya ndoa. Nilikuwa naipenda. Sauti ya mke aliyejipanga. Tangu Ijumaa naisikia hata nikiwa ubaoni mbele ya Kidato cha Tatu, na sasa inanitisha.

Ijumaa nilifuata majibu yangu kwa Daktari Nuru. Vipimo vyote safi. Nikamuuliza, basi mtoto yuko wapi? Akasema sababu ni nyingi. Nikamtaka ataje zile zinazotoka nje ya mwili. Akataja dawa za mashambani, sigara, joto la muda mrefu sehemu zile za mwanaume, na kemikali za baadhi ya plastiki zinazoweza kuingia kwenye chakula cha moto na kuvuruga homoni. Akaongeza kwamba utafiti bado unaendelea na nisikimbilie kulaumu bakuli. La kwanza, alisema, ni kumleta mume apimwe.

Kwenye daftari langu plastiki imechukua kurasa mbili na mchoro. Kumleta mume, mstari mmoja, kwa penseli.

Najua kwa nini. Mara ya mwisho nilipomgusia, Anold alitoka kwenda kuosha pikipiki. Aliiosha saa mbili. Ilikuwa safi tangu mwanzo.

Uamuzi: nitamsafisha mwenyewe, bila yeye kujua. Mimi ni mwalimu wa kemia.

Jumatano, 9 Julai

Msako wa jikoni. Mabakuli, majagi, vikombe. Vifuniko kumi na sita, vitatu havina wenyewe. Vyote ndani ya kiroba, kiroba chini ya kitanda cha wageni. Chakula cha Anold kimeondoka ndani ya sufuria ndogo ya chuma iliyofungwa kwa kitenge.

Joto nalo. Chaja ya kompyuta anayoiweka mapajani nimeificha kwenye debe la unga. Chupi zake za kubana nimezitanua kwa mkasi. Nikasema ni panya.

Akauliza panya gani huyo anayekata mstari ulionyooka. Nikamwambia panya wa Mtwara wana akili. Akaniangalia muda mrefu, akaenda kulala.

Alhamisi, 10 Julai

Pigo. Sufuria imefunguka juu ya meza ya Anold ofisini. Maharage yameloanisha orodha ya mizigo ya meli nzima. Wenzake sasa wanamwita Bwana Sufuria. Ameniomba, kwa upole unaouma, nimrudishie bakuli lake. Nikasema limepotea. Akauliza, yote?

Pigo la pili, Beatrice. Anafundisha Jiografia, ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, na anawauzia walimu wote vyombo vya plastiki. Pia ana mimba ya miezi saba, mtoto wa nne. Leo saa ya chai nilitoa maelezo mafupi ya dakika kumi juu ya plastiki na homoni. Walimu walisikiliza. Beatrice akasubiri nimalize, akanywa chai ya moto kwenye kikombe cha plastiki cha pinki, taratibu, hadi mwisho.

“Mwenzangu,” akasema, “mimi na hiki kikombe tumetoka mbali. Watoto watatu, na huyu wa nne anapiga teke.”

Nikaeleza kwamba mtu mmoja hawezi kuwa sampuli. Mwalimu Mathayo akasema watoto wanne wanatosha kuwa sampuli. Ofisi nzima ikacheka. Nami nikacheka, kwa meno tu.

Kwenye jumuiya wote wanaitana Mama Fulani. Beatrice ni Mama Dickson. Mimi ni Mwalimu. Nimekuwa Mwalimu miaka mitatu. Mama mkwe naye hupiga simu kila Jumapili kuuliza kama kuna habari. Hataki taarifa ya habari.

Jumamosi hii jumuiya inasali kwangu. Watakunywa chai isiyoguswa na plastiki tangu bombani hadi mdomoni. Beatrice ataonja tofauti.

Jumamosi, 12 Julai

Niandike haraka, kabla sijapunguza aibu.

Asubuhi Anold alikwenda shambani Mpapura na mwenzake Rashidi kupulizia dawa mikorosho yao. Mashine mgongoni, kaptula, kitambaa mdomoni, basi. Huwa anarudi ananuka hadi Jumatatu. Kabla hajaondoka nilimpa chai kwenye kikombe cha udongo, ili asipate kemikali.

Sikuwa na chombo cha kutunzia maji ya wageni, ndoo zote zikiwa za plastiki. Nikaingia stoo. Nyuma ya majembe, ndoo ya bati, nzuri, nzito. Nikaisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa majivu tena. Nikajaza maji, nikachemshia chai, nikamimina kwenye vikombe vya bati. Sala ikaisha. Nikasimama kueleza kuhusu chai hiyo.

Pikipiki ikaingia uani. Rashidi, vumbi hadi kwenye kope.

“Shemeji, hodi. Samahani kwa ibada. Bwana Anold kanituma ile ndoo yetu ya bati.”

Nikamuuliza ndoo ya nini.

“Ya kukorogea dawa. Tumefika shamba hatuna pa kukorogea.”

Akaiona mezani, na kata ikielea ndani. Akavua kofia.

Hakuna aliyekuwa amekunywa. Vikombe vya bati vinaunguza midomo, walikuwa wanasubiri vipoe. Beatrice alikuwa amekishika cha kwake kwa ncha za vidole, anakipuliza, tumbo lile mbele yake. Akakiweka chini polepole sana. Akasema, bila kupaza sauti, “Mwalimu. Ungetupa tu vya plastiki.”

Nilikusanya vikombe kimoja kimoja, wageni wakaondoka. Beatrice ndiye aliyebaki kunisaidia kumwaga chai, mbali na bustani. Hakunicheka. Hilo ndilo baya zaidi.

Jumapili, 13 Julai

Rashidi amemsimulia Anold yote. Leo baada ya misa Anold alikaa kwenye kitanda cha wageni, akavuta kiroba, akapanga vifuniko sakafuni kimoja kimoja. Akauliza ni kwa ajili ya mtoto? Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini sikumwambia. Nikamkumbusha pikipiki.

Akasema aliogopa tatizo liwe ni yeye. Akasema jana shambani Rashidi alimweleza kwamba yeye na mkewe Hawa walipima wote wawili, kabla ya mtoto wao, wala paa la nyumba halikudondoka.

Hakwenda kuosha pikipiki. Nilisubiri aende. Hakwenda.

Alhamisi, 17 Julai

Majibu ya Anold yametoka. Mbegu ziko chini kidogo. Chini kidogo si sifuri, Daktari Nuru alisema mara mbili, mara ya pili akinitazama mimi. Hawezi kuapa kwamba ni dawa za shambani, lakini anataka Anold akae mbali nazo, kisha arudi baada ya miezi mitatu. Kuhusu mabakuli, tusitie tu chakula cha moto. Ile ndoo itobolewe, isije ikatiwa maji ya kunywa tena.

Anold hakubisha. Nje, chini ya ukuta wa kliniki, alisema kupulizia basi. Mashine anamwachia Rashidi, atakayetafuta vijana wenye mavazi kamili ya kujikinga, yeye Anold atabaki na palizi. Rashidi anakuja kuichukua Jumamosi. Kisha akaomba kitu kimoja tu: kuanzia leo tuambiane, hakuna la siri tena. Alinishika mkono mbele za watu, jambo ambalo Anold hafanyi.

Niliahidi kwa moyo wangu wote. Sijawahi kuahidi vizuri namna ile.

Plagi ya mashine, ambayo bila hiyo injini haiwaki, nilikuwa nimeshaing'oa jana jioni, endapo angebisha. Iko chini ya mstari wa pili wa mchicha, ndani ya bakuli la plastiki ili isipate kutu. Kifuniko kimebana vizuri. Pup.