Ndege Mwekundu wa Burl

Jumapili, 9 Februari
Chakula cha pamoja kanisani. Jirani yangu Burl Ankeny kasimama na sahani ya viazi, kawatangazia watu kwamba marehemu mke wangu humtembelea kila siku. Yeye! Si mimi! Eti ndege aitwaye kardinali, mwekundu, kishungi juu, barakoa nyeusi usoni, hutua uani kwake alfajiri na jioni. Na huku kwetu Indiana nani asiyejua? Kardinali akitua kwako, ni mpendwa wako aliyefariki kaja kukujulia hali. Wanawake wakafuta machozi. Burl akanigeukia kwa upole wa kinafiki.

“Nyota njema huonekana alfajiri, Wendell.”

Pai ikanishinda. Niliishi na Verna miaka arobaini mpaka tulipomzika Oktoba. Burl alicheza naye dansi moja tu, wakiwa shule. Dansi moja! Roho inaniuma.

Jumanne, 11 Februari
Mpango. Nimenunua gunia zima la alizeti la kuwalishia ndege. Burl hutoa kiganja kimoja, bahili yule. Nimetundika kibanda cha mbegu mbele ya dirisha la jikoni. Theluji magotini. Ndege wengi wameshakimbilia kusini, lakini kardinali habanduki, kwa hiyo Verna hana kisingizio. Jioni nikachungulia kwa Burl. Kardinali yuko pale kichakani, mwekundu kama nyanya! Kwangu je? Kindi wawili, na kidege cha kahawia chenye mdomo wa rangi ya chungwa, kinanitazama tu kupitia kioo. Nikagonga dirisha, kikaruka. Kikarudi. Nikagonga tena. Sikununua mbegu za kulisha wapita njia.

Alhamisi, 13 Februari
Nimegundua. Kardinali hapendi uwanja mtupu, anataka pa kujificha. Burl ana vichaka, mimi nina theluji. Nimeuburuta mti wetu wa Krismasi kutoka nyuma ya gereji, nimeusimamisha kando ya kibanda. Burl akauliza kwa mbali kama kwangu Krismasi haijaisha. Kidege cha kahawia kimehamia mtini, kinajiona mwenye nyumba.

Jumamosi, 15 Februari
Ushindi! Nimepaka rangi nyekundu ndege wa mbao, nikamfunga kwenye tawi awe chambo. Haikupita saa, mwekundu wa Burl akaja kwangu! Akamrukia yule wa mbao, akampiga mdomo, mabawa, kila kitu. Nikajua ni Verna, kanikasirikia. Nikatoka na soksi tu miguuni kwenye theluji. Nikamwomba radhi kwa kila kitu: televisheni, kumbukumbu ya ndoa niliyoisahau, lile neno kuhusu supu ya mama yake. Kumbe Burl yuko uani kwake, kasikia yote! Akauliza naongea na nani. Nikamwambia naongea na mke wangu, yeye yanamhusu nini? Uso ukamshuka. Nimelala kama mtoto.

Jumatano, 19 Februari
Doreen, dada yake Verna, kaniletea chakula. Nikamsimulia. Akaweka bakuli mezani, akatazama dirishani.

“Shemeji, yule mwekundu ni dume. Jike ni huyo hapo, unayemgongea kioo.”

Nikauliza tangu lini. Akasema tangu Mungu alipowaumba.

Nikakaa chini. Kahawia kama joho lake la asubuhi. Mdomo kama rangi aliyokuwa akipaka kwenda kanisani. Alikuja kila siku, na mimi nikamfukuza kila siku! Nimelia mbele ya shemeji, sikuona haya. Kisha nikampigia Burl simu, nikamwambia anayemtembelea alfajiri ni dume la watu. Akakata simu. Raha iliyoje!

Jumapili, 2 Machi
Sikwenda kanisani. Nilikuwa na Verna dirishani, namsimulia habari za Doreen, naye anakula. Tumetulia kama zamani. Mara mwekundu akaja kutoka upande wa Burl. Akachagua mbegu, akaimenya, akamsogelea. Akamtia mdomoni! Mdomo kwa mdomo! Mbele yangu, kwa alizeti niliyonunua mimi! Na Verna akapokea, anatetemesha mabawa kama msichana.

Nimempigia Doreen. Anasema ndivyo dume anavyochumbia, niwaache. Niwaache! Nikagonga kioo kwa ngumi zote mbili. Mwekundu akaruka. Na Verna akamfuata, moja kwa moja hadi kichakani kwa Burl.

Dansi moja, nilijua mimi! Sawa. Nimelitoa koti langu jekundu la kuwindia, bado linanitosha nisipolifunga vifungo. Kesho alfajiri nitasimama kibandani na alizeti iliyomenywa mdomoni. Tuone atamchagua nani.