Koti la Mkurugenzi

Ilitangazwa rasmi, kwa manufaa ya taifa na soko huria, kwamba Ofisi ya Uratibu wa Ustawi mjini Morogoro itapunguza wafanyakazi kwa njia ya kisayansi, ya kwanza kusini mwa Sahara na pengine kaskazini mwake pia.

Njia yenyewe aliibuni mkurugenzi, Bwana Severini, baada ya kumsikiliza Daktari Zuhura, mhadhiri aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo. Daktari alieleza kwamba panya hupandikizwa jeni inayokaa katika seli zake zote, lakini jeni hiyo huamka tu katika seli za kazi fulani. Panya akidungwa dawa, seli hizo tu ndizo hufa. Seli jirani hazijui hata kama kuna msiba. Kisha mtafiti hutazama panya amepungukiwa nini, ndipo anapojua seli zile zilikuwa na kazi gani. Hapo mwishoni Severini alikuwa ameshasinzia.

Alichosikia kilimtosha. Ofisini kwake seli mbaya inajulikana: ni mtumishi anayetundika koti kitini ili aonekane yupo, kumbe kaishia mitaani. Akatoa waraka. Siku ya ukaguzi, koti lisilo na mtu litachorwa msalaba kwa chaki, na mwenye koti ataaga. Rufaa hakuna, kwa kuwa seli haikati rufaa. Zoezi likifaulu, Severini angepata cheo Dar es Salaam, na mkewe alishaanza kugawa masufuria.

Theresia, mpiga chapa, aliuliza kwa adabu kama wakubwa nao wamo.

"Sayansi haina upendeleo, Theresia," alijibu, akamwagiza aipige hiyo kwa herufi kubwa.

Siku ilipofika, wote walikaa na makoti mwilini, jasho likiwatiririka, hata Mzee Anselmi wa masjala ambaye hakuwa ameonekana tangu Pasaka. Severini alifurahi sana. Wakaguzi walipochelewa, akatoka mara moja kwenda Mafiga kunywa supu. Mkono wake, kwa mazoea ya miaka mingi, ulitundika koti kitini bila kumuuliza.

Aliporudi alikuta msalaba mkubwa, umechorwa vizuri.

Miezi kadhaa baadaye, akitokea shambani Kinole na mkungu wa ndizi, alipita ofisini. Alitamani kwa dhati akute mambo yamekwama.

"Shikamoo, mzee," alisema Theresia.

"Marahaba. Hebu niambie kweli, mwanangu. Tangu niondoke, mmepungukiwa nini?"

Theresia alifikiri sana, maana alikuwa mtu wa haki. Akamwita hata Mzee Anselmi, naye akafikiri.

"Bado hatujaona, mzee," alisema mwishowe. "Ila sukari ya chai, siku hizi inafika mwisho wa mwezi."