Mama Mkwe, Bafu ya Ploti na Mkanda wa Moyo

Wadau, leo nimepatikana. Na nilipopatikana nilikuwa na taulo peke yake.

Kwa wale hamnijui, mimi ni Wekesa, dereva wa kombaini, ile mashine kubwa ya kuvuna ngano. Mwezi jana nilizirai kidogo huko shambani Mau Narok. Kidogo tu! (Nilikuwa nimeshinda na chai ya rangi tangu asubuhi, lakini bosi akaamua ni moyo, kwa sababu bosi ana udaktari wa kusoma kwa simu.) Akaniambia, "Wekesa, bila barua ya daktari kufikia Ijumaa jioni, Jumatatu funguo ni za Kiprono." Kiprono! Mtu akirudisha kombaini nyuma, shamba zima linaanza kuomba!

Leo ndiyo Ijumaa.

Jana kliniki walinipa mkanda wa kuvaa kifuani, wa kusoma mapigo ya moyo. Sista Cherono alinielezea polepole kama mtoto wa nasari. "Uvae kwa ngozi. Ulowanishe hizi pedi. Penye nywele unyoe. Tunataka masaa manne mfululizo, ikilegea inaanza kuhesabu upya." Tena akasema mkanda ukikosa mapigo dakika kumi, unatuma ujumbe kwa mtu wako wa karibu. Nikampa namba ya mke wangu, Nafula. Nikaitikia ndiyo sista, ndiyo sista. Kwani mimi ni mgeni wa mikanda? Miaka kumi nafunga fan belt za kombaini!

Asubuhi baridi ya Nakuru ilikuwa ile haina adabu. Nikavaa mkanda juu ya fulana (moyo si unapiga hata kwa fulana?). Na nikauacha ulegee kidogo, ile ya ukibonyeza na kidole gumba unashuka, kwa sababu mkanda ukikazwa sana unaharibu bearing. Bearing gani, msiniulize. Ya mbavu, labda.

Mkanda ukaongea. Ndiyo, unaongea! Sauti ya mama wa taarifa ya habari: "Kifaa hakijakaa vizuri. Tafadhali kaza mkanda." Nikapuuza. Nikanywa chai, akasema tena. Nikainama kufunga kamba za viatu, akasema tena. Kufika saa nne, jirani yangu Baba Junior akatoa kichwa dirishani.

"Wekesa, huyo mwanamke anakulalamikia nini tangu asubuhi?"

Saa tano nikampigia Sista Cherono.

"Umevaa juu ya nini?"

"Fulana."

"Na umekaza?"

"Nimeacha nafasi ya kidole gumba."

"Wekesa, hicho ni kifua, si trakta! Hapa naona mapigo yanakuja yakipotea, hujawahi kupitisha dakika sita mfululizo. Kama hujafunga vizuri kufikia saa sita, sahau barua. Saa kumi na moja tunafunga kliniki."

Sasa, kuvua shati nivulie wapi? Nyumba yangu ya chumba kimoja hapa Kaptembwo wiki hii si yangu. Mama mkwe ametoka Bungoma kuja kuona mtoto wetu, Neema. Usiku analala kwa shemeji, mlango wa tatu kutoka kwetu, lakini mchana yuko kwangu. Na kwetu, mtu na mama mkwe wake ni heshima kali. Hamsalimiani kwa mkono. Hamkai chumba kimoja. Ukimwona njiani unapinda kona, hata kama hiyo kona haiko. Kwa hivyo mchana mimi naishi nje, kama kuku. Leo Nafula alikuwa amepeleka mtoto chanjo, akaacha simu yake ikichaji ndani, na mama ndani akipika mboga.

Ikabaki bafu ya ploti, ile ya wapangaji wote. Mabati pande zote, mlango unafungwa kwa waya.

Nikaingia, nikavua, nikajifunga taulo kiunoni. Mkanda nikautundika kwa msumari. Nikajipaka sabuni kifuani, nikaanza kunyoa na wembe ambao umeona mengi. Upande wa kushoto ukaisha. Nikapumzika kidogo, nikijiangalia. (Si mbaya.) Dakika kumi nazo zikaisha, lakini nani alikuwa anahesabu?

Ghafla nje, "Baba Neema! Baba Neema, uko huko ndani?"

Mama mkwe! Ujumbe ulikuwa umeingia kwa simu ya Nafula, mama akausoma: DHARURA. HAKUNA MAPIGO YA MOYO.

Mimi hayo sikujua. Nilichojua ni kwamba mama mkwe ananiita na mimi niko na povu na taulo. Wewe ungejibu nini? Nikanyamaza. Hata pumzi nikashika. Heshima, wadau!

"Uwi! Amenyamaza! Ameenda!"

Waya ukakatika. Nikaruka nyuma, nikakanyaga sabuni, nikalala chali sakafuni pwaa! Na nikafumba macho, maana ningemwangalia vipi? Sasa hivi nikifikiria, mtu amelala chali, amefumba macho, hapumui, ni ngumu kumtetea kwamba yuko hai.

Mama mkwe alifunzwa huduma ya kwanza na kina mama wa kanisa. Alifunzwa vizuri, ole wangu. Akapiga magoti, akaanza kunibonyeza kifua. "Moja! Mbili! Tatu!" Hiyo ni mikono imelima miwa miaka arobaini! Nilijaribu kusema niko hai, lakini kila nikifika "Ma..." hewa inatolewa yote. Halafu akaona mkanda kwa msumari.

"Kumbe ni hii imetoka!"

Akanizungushia, akaukaza vile mama anakaza mtoto mgongoni akienda safari ndefu, goti likiwa kwa ubavu wangu. Ngozi tupu. Maji tele. Nywele nusu.

Mkanda ukatangaza, "Hongera! Kifaa kimekaa vizuri. Mapigo ni mia moja sabini na mbili."

Ploti yote ilisikia, kwa sababu ploti yote ilikuwa mlangoni. Baba Junior. Keteka, msimamizi wa ploti. Kina mama na beseni zao. Nikafungua macho. Mama mkwe naye akafungua mdomo. Nikatoa neno la kwanza lililokuja, salamu ya kwetu.

"Mulembe, mama."

Akajifunika uso na leso, akatoka mbio. Nikasikia komeo ya kwa shemeji ikifungwa. Mpaka saa hii hajatoka, na Nafula ameniuliza mara tatu, "Ulimfanyia mama nini?"

Mkanda sikuugusa. Nilikaa juu ya mtungi wa plastiki masaa manne, wima, kama picha ya pasipoti, halafu nikakimbia kliniki. Daktari akaangalia kompyuta, akafurahi.

"Huu mkanda umefungwa vizuri sana. Nani alikufungia?"

"Mama mkwe."

Akaniangalia. Akarudi kwa kompyuta. "Moyo wako hauna shida yoyote. Lakini hapa, saa tano na dakika hamsini, ulipanda vibaya. Bosi wako atauliza, lazima niandike sababu. Ulikuwa wapi?"

Mlango ulikuwa wazi. Foleni yote ikasogeza masikio. Nikaeleza. Sista Cherono akasema ameacha kitu nje, na kicheko chake kikarudi kupitia ukutani.

Barua ninayo hapa. Inasema hivi: "Wekesa ni mzima na anaweza kuendesha mashine. Mapigo yalipanda mara moja tu, akiwa bafuni na mama mkwe."

Nikamwomba, "Daktari, ongeza maelezo kidogo, tafadhali."

"Sehemu ya sababu ni mstari mmoja," akasema, akapiga muhuri.

Na bosi wangu, Mungu ambariki, barua za madereva huwa anazisoma kwa sauti, mbele ya watu wote, Jumatatu asubuhi kabla ya kutoa funguo. Kwa hivyo ni hii barua ama ni Kiprono. Nimeikunja vizuri, naipeleka. Siwaombi msicheke. Naomba tu mmalize kufikia Jumapili jioni, maana Jumatatu kuna watu wengine wanangoja zamu yao.