Mchezo wa Bure wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe amenimaliza tena. Kwa ukweli!

Mteja alikuja kuulizia saa yake. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba springi ya saa kama ile ni adimu, imeagizwa, iko njiani. Kabla sijafika mwisho, Mama akasema kutoka kitini kwake kwamba saa hiyo haijafunguliwa hata kifuniko, iko kwenye droo ya chini, imelaliwa na redio mbovu. Mteja akanitazama. Mimi nikatazama dari. Dari yangu inahitaji rangi.

Mama alivunjika kifundo cha mguu kwake, tukamleta akae kwetu mpaka plasta itolewe. Nilikubali kwa moyo mmoja, hakuna atakayesema vingine. Mke wangu anashinda kazini posta. Kwa hiyo Mama anashinda na mimi, chumba cha mbele, ambacho ndicho karakana yangu. Mguu juu ya stuli, macho juu yangu. Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi hadi alipostaafu, na ukaguzi haujamtoka mwilini. Akiniita Fundi, nimesalimika. Akiniita mwanangu, nimeharibu kitu. Leo nimekuwa mwanangu tangu asubuhi.

Nampenda. Naandika hapa ili isije ikasemwa. Lakini kazi ya saa inahitaji faragha.

Wazo! Kompyuta ya zamani ya mke wangu imekaa bure chumba cha nyuma. Nitamtafutia Mama mchezo wa kompyuta. Atazama humo, nami nitapumua. Mchezo wenyewe uwe wa bure, bila shaka. Michezo ya bure imejaa tele, watu ni wavivu tu wa kutafuta.

Jumanne, 4 Machi

Nimetafuta. Nimepata. Tovuti yenye nyota zinazomwekamweka na maandishi BURE KABISA kila pembe. Nikapakua ule uliokuwa juu ya wote. Kama umewekwa juu, ndio bora. Akili ya kawaida.

Ni wa vita.

Mama akakaa, akavaa miwani, akaniuliza afanye nini. Nikamwambia awapige risasi wale wenye kofia nyeusi. Akaniuliza wamemkosea nini. Akamwona askari wa upande wetu ameanguka, akamwendea. Akabofya, akabofya. Akaniuliza kitufe cha machela kiko wapi. Nikamwambia hakuna machela, Mama, tunaendelea mbele. Akaniambia, "Mwanangu, mtu anavuja damu." Akabaki kasimama pale na mgonjwa wake mpaka naye akapigwa risasi. Akaanza upya. Akaenda kwa askari yule yule.

Alirudi kitini kwake karakana na hasira. Wateja wawili wameelezwa kwa nini saa zao hazijaisha. Mmoja wao kaonyeshwa droo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejifunza. Vita basi. Sasa matunda.

Unapanga matunda matatu ya aina moja, yanapasuka, unasifiwa. Mtoto mchanga angeweza. Mama alianza vizuri, hata akatabasamu pale mananasi yalipopasuka. Mimi huku nimemwambia mteja mmoja uongo mtamu kabisa kuhusu kioo cha saa yake, na hakuna aliyenisahihisha. Roho yangu kwatu!

Haikudumu. Kumbe juu ya matunda kuna saa inayohesabu kurudi nyuma. Mama akaniita. Akaniuliza ni nani huyo anayemhimiza. Alihimizwa na madaktari maisha yake yote ya kazi, akasema, hatahimizwa na maembe. Halafu mioyo ikamwishia. Ndiyo, mchezo una mioyo, yaani nafasi za kucheza, na ikiisha unaambiwa ununue mingine. Nikasema ni kosa la mitambo. Nikabofya hapa, nikabofya pale, nikakubali kila nilichoulizwa.

Laiti nisingekubali.

Alasiri amekuja mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mtu mzito wa maneno machache, kuchukua saa yake ya mkono. Kompyuta ikaanza kupiga kelele yenyewe chumba cha nyuma. Sauti ya mwanamke, nyororo, ikiuliza kama kuna mwanaume humu ndani aliyeishiwa nguvu. Ikarudia. Nikakimbia kuizima, nikagonga kidole cha mguu mlangoni. Haikuzimika. Kwa mara ya kwanza tangu afike, Mama hakusema neno, na ndiyo siku niliyotamani aseme.

Mwalimu mkuu aliondoka bila chenji yake.

Ijumaa, 7 Machi

Fedheha. Mke wangu amemwita Fundi Simu.

Fundi Simu ana kibanda ng'ambo ya barabara, anatengeneza simu. Tuna miaka hatupatani vizuri, kwa sababu anawaambia watu kwamba saa iko ndani ya simu siku hizi. Aliingia na begi lake dogo, akamwamkia Mama kwa kuinama, akauliza hali ya mguu, akauliza kama vidole vya chini vinakufa ganzi. Mama akamwita mwanangu. Mwanangu ya mapenzi! Sikujua kama ipo.

Akafuta takataka zote kwenye kompyuta. Akasema kwa upole wa kuudhi kwamba mtu mzima anayetaka kujiburudisha hahitaji kupakua chochote. Atafute michezo ya kuchezea palepale kwenye mtandao, isiyo na saa ya kuhimiza, isiyo na mioyo ya kuuza, yenye maandishi makubwa, anayoweza kuiacha akanywa chai na kuikuta ilipo. Akapendekeza karata za mtu mmoja.

Nikamshukuru. Nikasema tutaufikiria ushauri wake. Nafsi yangu ikala kiapo kwamba karata hizo hazitachezwa nyumbani kwangu. Mimi ndiye mkwe hapa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempiku! Mchezo wa hospitali! Unapewa wodi, vitanda, wauguzi, wagonjwa wanaingia. Bure, bila kupakua, bila mioyo. Nani angemfikiria Mama kwa undani hivi? Si Fundi Simu.

Mama aliingia kazini. Sijui neno jingine. Mgongo ulinyooka. Akafukuza daktari mmoja kwa kutonawa mikono. Akahamisha vitanda vyote ili wagonjwa wapate dirisha. Mchezo ukamwambia awatoe watu haraka ili waingie wengine wenye kulipa. Akakataa. Hakuna kutoka kabla ya kupona. Hospitali ikafilisika kabla ya chakula cha mchana. Akaja kunieleza kwa fahari: imefilisika, lakini hajafa mtu!

Akafungua nyingine.

Tatizo dogo ni sauti. Anawaamrisha wauguzi wake kwa sauti ya wodi. Mteja alikuwa amenipa saa nimtazamie, mara ikasikika kutoka nyuma, "Mgeuze huyo, mgongo wake utaoza!" Mteja akanyakua saa yake.

Lakini siku ni njema.

Alhamisi, 13 Machi

Leo sina mzaha.

Nilimkuta Mama amekaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani, hachezi. Nikamuuliza kama hospitali imefilisika tena. Akasema hapana, inaendelea vizuri. Ila mgonjwa wa kitanda cha pembeni amefariki, na mchezo umemwingiza mwingine kwenye kitanda kile kile papo hapo, kabla hata shuka haijabadilishwa.

Nikamwambia ni mchezo tu, Mama. Yule hakuwa mtu.

"Najua," akasema. "Lakini mwanangu, nilipokuwa kazini, tulikuwa tunaacha kitanda kikae wazi kidogo. Hata kama nje kuna foleni. Kidogo tu."

Nilisimama pale na kibano changu mkononi kama mjinga. Nikamletea chai. Nikaufunga mchezo wa hospitali. Halafu nikavuka barabara, nikajikaza kiume, nikamwomba Fundi Simu anionyeshe zile karata ziko wapi. Hakunicheka. Ingekuwa afadhali angenicheka.

Jumamosi, 15 Machi

Karata zimemkubali.

Anacheza polepole, anaimbia puani. Akichoka ananyoosha mguu, akirudi karata zinamsubiri. Nyumba kimya. Nimewadanganya wateja wanne bila bughudha. Nimefanikiwa!

Ila biashara imepoa kidogo. Wateja wananichungulia dirishani, wanauliza Mama yuko wapi. Nawaambia amepumzika. Wanasema watarudi. Bibi mmoja amekataa kabisa kuniachia saa ya marehemu mumewe. Anataka Mama amwambie siku ya kuifuata. Anasema siku ya Mama ndiyo siku.

Nimempa mtu saa ya mtu mwingine. Kutwa nzima hakuna aliyesema "mwanangu, hiyo siyo yake."

Jumatatu, 17 Machi

Nilipita tu chumba cha nyuma kutafuta bisibisi. Nikaona saba nyekundu ya kopa imekaa, na nane nyeusi ya shupaza iko wazi kuipokea. Nikamwonyesha. Mama akasema aliiona, anaisubirisha. Nikamuuliza anaisubirisha nini. Akasema kama najua sana, nivute kiti.

Nikavuta kiti.

Tumebishana hadi chai ikapoa. Ana tabia ya kuhurumia karata ndogo. Mimi nacheza kwa ujasiri. Tumeshindwa mara zote nilizomwelekeza mimi, lakini kwa bahati mbaya.

Jumatano, 19 Machi

Plasta imetolewa. Daktari kasema mguu umeunga vizuri. Mke wangu alifurahi, Mama alifurahi, mimi nilipiga makofi. Jumapili anarudi kwake.

Nilirudi karakana, nikakaa. Kile kiti kitupu kinatazama benchi langu. Nilishika saa moja kwa muda mrefu, nikagundua siifanyii lolote.

Mpango! Nimemweleza Mama kwa masikitiko kwamba karata zile zimefungwa kwenye kompyuta hii. Zikihamishwa zinakufa. Mambo ya mitambo. Akasema, lo, maskini karata. Alionekana kuguswa.

Nimevuka barabara kumweleza Fundi Simu aseme hivyo hivyo akiulizwa. Akasema Mama alipita kwake jana kwa fimbo, na plasta yake mguuni, naye Fundi Simu amekwisha kumwekea karata kwenye simu yake. Bure. Na kumkuzia maandishi.

Msaliti!

Ijumaa, 21 Machi

Sijakata tamaa. Nimetafuta mchezo usioisha. Nimeupata: picha kubwa ya mlima na anga, imekatwa vipande vidogo vidogo, unaiunganisha. Bure. Nikachagua ile yenye vipande vingi kuliko zote. Kwenye kijisimu huoni kitu. Inataka skrini kubwa. Na karibu nusu yake ni anga tupu, buluu kwa buluu.

Nikamwambia Mama ni aibu mtu kuondoka ameacha picha nusu. Akakubali ni aibu. Tulikaa bega kwa bega tukitafuta pembe. Mara akasema bila kugeuka, "Fundi, ungetaka nikae, si ungesema tu?"

Nikasema sikutaka kumsumbua, Mama.

"Umenisumbua kwa vita," akasema, "kwa maembe, kwa hospitali, na kwa mwanamke yule wa nguvu za kiume. Hili ndilo lingenisumbua?"

Nikasema, basi, Mama, kaa. Kaa kidogo. Wateja wanakuuliza. Na mimi nakuuliza.

Mama alikuwa ameona kipande. Akakiweka. Akaniambia nisogeze kichwa, namzibia mwanga.

Jumapili, 23 Machi

Asubuhi Mama alimwambia mke wangu kwamba mguu unamvuta kidogo, si vibaya aupe mwezi mmoja zaidi. Mke wangu akasema amemwona akipanda ngazi za posta bila fimbo. Mama, muuguzi mkuu mstaafu, akasema maumivu ya aina hii huja na kwenda. Akanikonyeza!

Yule asiyeniachia hata uongo wa springi moja upite!

Jumanne, 25 Machi

Maisha yamenyooka. Mchana Mama yuko kitini mwake, anawapa wateja siku za kweli, mimi natokwa jasho kuzitimiza. Bibi wa saa ya marehemu amerudi. Jioni tunaenda kwenye anga letu. Jana tumeunganisha wingu zima.

Kasoro moja tu. Mke wangu amenuna. Anasema anarudi kutoka posta na hakuna anayeinua kichwa. Anasema chakula kimepoa siku tatu mfululizo, na jana aliongea na migongo yetu kuhusu bosi wake mpya kisha akaenda kulala bila sisi kujua. Anataka tuzungumze, mimi na yeye, leo, tukiwa tumetulia. Nimemwelewa kabisa. Sina kichwa kigumu. Mtu anakaa peke yake jioni nzima, lazima ajisikie vibaya. Na najua dawa yake.

Kesho asubuhi na mapema namtafutia mchezo. Nimekwisha kuona mmoja unaofaa kabisa, wa kupanga barua na vifurushi, bure, hata kupakua ni rahisi. Uko juu ya yote.