Nilivyomkatalia Bi Aziza Mchumba

Mashoga zangu, leo nimeaibika mpaka buibui langu nalo limeaibika. Nimetoka huko sasa hivi, hata maji sijanywa. Kaeni niwahadithie mwenyewe, kabla hamjahadithiwa na wazee wa kahawa.

Mwajua kila Jumamosi na Jumapili twashinda kwa Bi Aziza. Kila mtu huja na chake. Kadzo hutoka Jilore na miyaa yake ya kusukia mikeka, na muhogo kapuni. Mama Njeri, yule wa bara afuaye nguo hotelini, huja na vitambaa vyake vya kufuma. Akila analalamika, "Hii samaki iko na miiba mingi," na mkono hautoki sahanini. Mimi naja na mdomo wangu. (Kazi nyingine siijui.)

Na Bi Aziza ndiye nyumba yenyewe. Yule mwanamke, wallahi, Mungu hakumpunja. Anashona kofia za viua, anapika, na akishika ngoma yake ya dumbaki akaimba, wapita njia wanapunguza mwendo. Jana betri za redio zilikufa, hakuna hata aliyejali. Alituimbia yeye, tukala mkate wa mofa na mchuzi wa papa, tukasahau kama kuna kwetu. Tangu awe mjane sijamsikia akipaza sauti. Maneno anayaweka moja moja, kama mtu apangaye vikombe kwenye sinia. Sauti ile ndiyo niipendayo kuiga kuliko zote. Na ndiyo iliyoniponza.

Leo basi. Bi Aziza yuko uani anakuna nazi. Sisi watatu tuko ukumbini, nyuma ya pazia la mlango. Nishawaiga majirani wote, Mama Njeri ameshika mbavu. Mara twasikia mwanamume barazani.

"Hodi. Bi Aziza yupo?"

Nikamjua. Bwana Twalibu, fundi wa nguo, yule anayetupigia fidla kwenye harusi. Bi Aziza humshonea kofia za kuuza dukani kwake, nikajua amezifuata. Na desturi mwaijua: mwanamume hubaki barazani, mwanamke humjibu nyuma ya pazia, hawaonani. Ulimi ukaniwasha. Nikajitia Bi Aziza, pole pole, kikombe kimoja kimoja: "Yupo. Karibu, Bwana Twalibu."

Kadzo akajitia leso mdomoni.

Nikangoja aulize kofia. Kumbe mzee wa watu akakohoa, akasema, "Bi Aziza, sikutuma wazee kwanza. Mimi na wewe ni watu wazima, nimeona nikuulize mwenyewe. Ukiridhia nikuoe, Ijumaa nitawaleta."

Mwenye akili hapo angenyamaza. (Mimi niligaiwa ulimi, akili akapewa dada yangu.) Wale wawili wananitazama, wanangoja nitasema nini. Nikitazamwa hivyo mimi sina breki.

"Bwana Twalibu," nikasema, "umri huu nikafue kanzu za nani? Nenda ukaioe cherahani yako."

Nikangoja acheke. Hakucheka.

"Haya, nimesikia," akasema. "Niwie radhi."

Nikachungulia ubavuni mwa pazia. Kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Koti lake la harusini, na jua lile. Anashuka barazani kama mtu aliyetwikwa gunia la chumvi. Kicheko kikanikauka hapo hapo.

Bi Aziza akaingia, mikono myeupe kwa nazi, akauliza nani alopiga hodi. Nikamwambia Bwana Twalibu. Mashoga, mwanamke akajifuta mikono mbio mbio, akajitengeneza leso kichwani, macho yako mlangoni. Ndipo nikaelewa. Nikamweleza yote, sikubakisha, mpaka cherahani.

Hakunigombeza. Bora angenipiga kwa kata ya maji. Alikaa kitako mkekani.

"Esha," akasema, "huyu nimemngoja aseme tangu vuli ya mwaka juzi." Akanionyesha mlango. "Vaa buibui. Kamrudishe."

Nikatoka mbio, na magoti haya. Nikamkuta kwa muuza kahawa, wazee wamejipanga benchi nzima. Nikamwambia aliyesema si Bi Aziza, ni mimi. Akanitazama kwa huruma. Huruma, mashoga! Anadhani nimetumwa nimtulize moyo.

"Bi Esha, usijisumbue. Sauti ya Bi Aziza naijua. Kila Jumamosi nazunguka njia ile ili niisikie."

Nifanyeje? Mbele ya wanaume wote wale, mimi, bibi mwenye wajukuu, nikafumba macho nikaitoa: "Umri huu nikafue kanzu za nani? Nenda ukaioe cherahani yako."

Vikombe vikasimama hewani. Muuza kahawa akamimina nje, juu ya mguu wa mtu. Halafu benchi nzima ikaangua kicheko. Mmoja akanitaka nimwige chifu. Mwengine akasema nirudie, hakusikia vizuri. (Mwongo. Alisikia.) Uso wangu ungeweza kuchomea samaki.

Bwana Twalibu peke yake hakucheka. Alinisogelea, akaniuliza chini kwa chini, "Na ile ya kukubali, Bi Esha, unaweza kuisema?"

"Hiyo siiwezi," nikamwambia. "Rudi ukaisikie kwa mwenyewe."

Tukarudi, yeye mbele, mimi nyuma nahema. Akasimama barazani, akauliza tena maneno yale yale. Kisha akaongeza, maskini, "Na sasa nitajuaje kuwa ni wewe?"

Bi Aziza akalishika pazia, akalivuta kando. Uso wote nje, mtaa mzima unaona.

"Ni mimi," akasema. "Walete wazee Ijumaa. Na usiondoke, wali umeiva."

Njia nzima nimekuja nikilijaribu hilo "ni mimi" lake. Halitoki. Maneno mawili tu, na mdomo huu umeiga Malindi nzima.

Basi nyinyi msinicheke, nishachekwa na wanaume leo, yatosha. Ijumaa nimealikwa, msidhani nimefukuzwa. Ila nimepewa sharti: wazee wakiwa barazani, mimi nikae uani, na mdomo uwe umejaa tambuu ya kutafuna.