Uraia wa Bihogo

Inatangazwa kwa mataifa yote, yakiwemo yasiyojua Mabamba iko wapi, kwamba tangu Jumatatu iliyopita mpaka wetu na Burundi unalindwa kikamilifu dhidi ya ng'ombe.

Mimi ni katibu wa Kamati ya Mikataba na Mifugo ya Mpakani, kwa hiyo habari hizi mnazipata jikoni kabisa. Kamati ilizaliwa Kasulu, kwenye semina ya siku mbili, kati ya chai ya saa nne na picha ya pamoja. Mtoa mada alitueleza jinsi mikataba ilivyoiumba dunia. Wazungu walikaa mezani Berlin wakagawana nchi ambazo hawajawahi kula muhogo wake. Baada ya vita kuu, Waingereza na Wabelgiji wakakaa meza nyingine, wakachora mstari, Muha akiwa shambani anapalilia maharage. Mwenyekiti wetu, Bwana Saady, ambaye ana miezi mitatu tangu ahamishiwe huku kutoka Tanga, aliguswa mno.

"Kama wao waliweza bila kufika," alisema, "sisi tunaofika kwa gari tutashindwaje?"

Tukapiga makofi. Wiki haikuisha, tukawa na mwongozo wa kurasa arobaini. Roho yake ni kifungu cha saba: kiumbe chochote chenye miguu kikivuka mpaka bila kibali, kikirudi kitahesabiwa mgeni hadi kithibitishe uraia wake kwa cheti. Tuliandika "chenye miguu" ili kuku wasitukwepe. Nyoka tumewaweka awamu ya pili.

Mgeni wetu wa kwanza alikuwa Bihogo, ng'ombe mwekundu mwenye mimba kubwa. Nyasi za upande wetu zilikuwa zimekauka, akavuka kijito saa sita mchana, akarudi saa kumi akiwa bado anautafuna ushahidi. Mgambo Obedi akamfungia kwenye boma la miti tulilowajengea wageni. Bwana Saady akamhoji mwenyewe.

"Jina? Lengo la safari? Umekimbia nini?"

Bihogo akacheua. Nikaandika: *Mhojiwa anatafakari.*

Mwenye ng'ombe akafika mbio kutoka shambani, jembe begani. Anaitwa Theodosia, mjane, mkulima wa hapohapo Mabamba.

"Amahoro, wakubwa."

"Hapa tunaongea Kiswahili," akasema Bwana Saady.

"Amani, basi. Huyo ni ng'ombe wangu."

"Alikuwa wako asubuhi, mama. Sasa ni mgeni asiye na cheti."

"Ana hereni sikioni! Mmemvisha nyie serikali."

"Hereni inaonyesha amehesabiwa. Haionyeshi kuwa ni raia. Hata kitambulisho cha binadamu ni hivyohivyo, soma ukurasa wa thelathini." Akatabasamu kitaalamu. "Kimataifa, mgeni ana njia tatu. Kurudi kwao kwa hiari, lakini hiari lazima aitamke, naye hajatamka. Kupokelewa hapa, lakini kamati ndogo ya mapokezi haijaundwa. Inabaki nchi ya tatu."

"Nchi gani hiyo?"

"Ijumaa tuna ujumbe wa wageni ishirini kutoka mashirika. Watakula hapa mchana."

Theodosia akamtazama, kisha akamtazama ng'ombe.

"Nchi ya tatu ni sufuria?"

"Sisi tunaita suluhisho la kudumu."

Theodosia akaketi chini, akanyoosha miguu kama mtu aliyefika msibani. "Mkubwa, huyo haliwi. Tumboni ana ndama wa watu. Nilipofiwa na mume, Ndayikunda wa hapo ng'ambo alinigabia Bihogo akiwa mtamba. Hakuniuzia, alinigabia. Uzao wa kwanza unarudi kwake, ndiyo desturi. Ndama asipofika, Ndayikunda atajua nimekula udugu wetu."

"Kumbe hata amezaliwa Burundi!" Bwana Saady akanigeukia. "Andika. Na huo mkataba wenu, mama, uko wapi?"

"Uko tumboni."

"Nani aliutia saini?"

"Fahali wa Anania."

Obedi akacheka, akajifanya anakohoa. Nikaandika: *Mtia saini hajahudhuria.*

Jalada lilikuwa limekamilika, isipokuwa picha. Bwana Saady alitaka wageni waone kinyesi cha Bihogo kikiwa ndani ya ardhi ya nchi jirani. Akavua viatu, akakunja suruali, akavuka kijito, akainama, akapiga picha tatu na moja ya ziada. Akarudi ameinua simu juu kama kombe. Ukingoni akakuta rungu limelazwa mbele ya kifua chake.

"Simama hapo, mzee," akasema Obedi. "Kibali?"

"Obedi, acha utani."

"Una miguu?"

"Nini?"

"Nauliza kwa mujibu wa kifungu cha saba. Una miguu, huna?"

Bwana Saady akaitazama. Ilikuwa inachuruzika maji. "Mimi ndiye niliyekiandika hicho kifungu!"

"Kila anayevuka ana hadithi yake, mzee. Usinizingue, niko kazini. Jumatatu ulituapisha kwamba hata akipita mama mzazi tumzuie. Wangu nilimzuia jana."

Bwana Saady akatoa kitambulisho cha taifa. Obedi akakigeuza mbele na nyuma, akamrudishia kwa heshima.

"Hiki kinaonyesha umehesabiwa."

Akaingizwa bomani. Bihogo akasogea kidogo kumpa nafasi.

Kamati ikabaki bila mwenyekiti. Mwongozo unasema kaimu awe raia mwenye cheti, aliyepo eneo la tukio.

"Kaimu wewe, katibu!" Bwana Saady akapaza sauti kutoka ndani.

Nilitamani. Lakini nimezaliwa Kasulu, na cheti cha uraia sijawahi kukiona. Nani hupewa cheti kwao? Obedi naye alijipapasa mifuko, akatoa karanga.

Ndipo Theodosia akafungua fundo la kitenge. Akatoa mfuko wa nailoni, ndani ya nailoni bahasha, ndani ya bahasha karatasi: cheti cha uraia wa Tanzania, chenye picha yake na muhuri. Wazazi wake walikimbilia nchini kutoka Burundi mwaka sabini na mbili. Yeye tangu akipate hajatoka nyumbani bila hicho cheti, kwa sababu hakuna kizuizi barabarani ambacho hakijamuuliza.

"Mimi huu uraia niliuomba, nikaungoja miaka," alisema. "Nyie mlizaliwa nao tu, kama kitovu."

Tukampa kiti cha plastiki cha mwenyekiti. Akakipangusa kwanza.

"Ajenda ya kwanza, Bihogo," nikasoma.

"Afunguliwe."

Obedi akafungua. Sijawahi kuandika kikao kifupi namna ile.

"Na mimi?" akauliza Bwana Saady.

"Wewe uko kwenye mengineyo, mwanangu," akasema Theodosia, akiwa ameshasimama. "Na mimi siwezi kumwacha mwenye mimba atembee peke yake. Kikao kimeahirishwa mpaka azae."

Ijumaa ujumbe ukafika, ukala ugali wa muhogo na maharage, ukasifu. Walipomkuta Bwana Saady bomani walihuzunika sana. Wakampa blanketi, ndoo na mche wa sabuni, wakapiga naye picha. Akawaambia kwamba yeye ndiye mwenyekiti. Mama mmoja akamshika bega, akamweleza taratibu kwamba wengi hufika wakiwa wamechanganyikiwa.

Jumapili Bihogo akazaa jike. Ndayikunda alikuja hadi ukingo wa kwao, akamwona ndama kutoka ng'ambo, akapiga vigelegele bila kulowesha hata kidole. Kaimu mwenyekiti akaniita niandike uamuzi: mkataba wa ng'ombe ndio uliotangulia, na hautakamilika mpaka ndama akabidhiwe, na ndama wa kugabiwa hakabidhiwi mpaka aachishwe ziwa. Mengineyo yatafuata.

Ndama anaachishwa baada ya miezi sita, wakati mwingine minane. Bwana Saady amearifiwa kwa maandishi.