Malalamiko Dhidi ya Jiko Lisilojua Kusema "Bado"

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa Jiko na Ua,

Natumaini u mzima, na kwamba barua hii itakukuta umeketi, maana ni vigumu kuomba radhi vizuri ukiwa umesimama.

Mimi ni msahihishaji mstaafu wa kiwanda cha uchapaji. Mtaani kwetu naitwa Mzee Bado, na jina hilo sikulipata kwa uvivu. Nililipata kando ya nusu pipa langu la kuchomea nyama. Kila Jumapili familia nzima hukusanyika uani, na kila baada ya muda mfupi mtu huja, hunusa, humeza mate na kuuliza, "Mzee, tayari?" Nami, bila kuinua macho, hujibu, "Bado." Katika nyumba hii mke wangu ndiye anayeamua rangi ya kuta, binti yangu ndiye anayeamua tutazame nini kwenye televisheni, na kuku ndio wanaoamua tuamke saa ngapi. Mimi nilikuwa na neno hilo moja tu. Ukurasa wako umeninyang'anya.

Ulichapisha makala kuhusu namna ya kuchagua jiko la peleti, yaani lile linalochoma vipunje vya vumbi la mbao lililoshindiliwa. Binti yangu aliyakata makala hayo akayabandika kwenye mlango wa friji. Mumewe, ambaye ni fundi wa friji, mtu ambaye riziki yake yote inatokana na ubaridi, akaenda kuninunulia moto. Jiko lilifika limefungwa utepe mwekundu. Alinikabidhi kwa mikono miwili, akasema, "Baba, sasa upumzike."

Ndugu Mhariri, sikuwa nimechoka.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulishauri mnunuzi achague jiko lenye kifuniko kizito na kidhibiti joto cha kuaminika. Wakachagua hilohilo. Unaliambia joto unalolitaka, nalo linatii. Parafujo iliyo ndani huvuta peleti kutoka kwenye sanduku la pembeni na kuzipeleka motoni kidogo kidogo, feni hupuliza, na hakuna anayeitwa. Nimeishi na watu maisha yangu yote wala sijawahi kuona kiumbe kinachotii namna hiyo. Kipepeo changu cha kupepea mkaa, mke wangu sasa anafukuzia nzi.

2. Moshi ni mchache mno. Moshi wa nusu pipa langu ulikuwa na kazi ya kijamii. Ulimfuata shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, kila alikohamishia kiti, mpaka mwenyewe akaamua kwenda kukaa sebuleni. Siku hizi anakaa uani tangu mwanzo hadi mwisho, macho makavu, akinieleza ambavyo mdogo wake angeweza kuolewa na yule mwenye duka la viatu.

3. Jiko linaongea na simu ya mkwe wangu. Nyama ikiiva, simu inalia kengele, na watu wote wanainuka na sahani kabla sijafungua kinywa. Jumapili ya kwanza nilisema "Bado" kwa sauti ya kutosha. Shemeji akanijibu, "Bado nini, shemeji? Mwenye jiko kashasema tayari." Mwenye jiko! Watu wakacheka. Hata mke wangu alicheka, naye huwa hacheki bila sababu nzito.

4. Ulishauri peleti zihifadhiwe mahali pakavu. Kwetu kuna mahali pamoja tu palipo pakavu, kibanda ambamo mke wangu huweka chakula cha kuku, ambacho nacho ni vipunje vya kahawia ndani ya gunia. Hukuandika popote kwamba msomaji asome pia maandishi ya gunia. Nikajaza sanduku. Nusu pipa langu lingenikatalia palepale, lakini hili lilikipokea chakula cha kuku kwa adabu zote na kuanza kukichoma. Moshi uliotoka ulinuka kama dagaa waliokata tamaa. Mkwe wangu, kwa kuwa hawezi kumkosoa baba mkwe, alitafuna ubavu wake kwa muda mrefu, akameza, akasema, "Baba, nyama ya leo ina... ina mengi." Binti yangu akamkanyaga mguu. Wakati huohuo mke wangu, aliyelikuta kibandani gunia lililobaki, alikuwa amewamiminia kuku peleti za mti mgumu. Walizizunguka wakinitazama mimi, kama wapangaji waliokatiwa maji.

5. Jiko linahitaji umeme. Jumapili iliyofuata umeme ulikatika nyama ikiwa nusu mbichi. Feni ikanyamaza. Watu wote wakageuka wakanitazama. Sijui kama umewahi kutazamwa hivyo, Ndugu Mhariri. Nilisimama. Nilikunja mikono ya shati. Nilichukua koleo nikavuka ua kuelekea kwenye nusu pipa langu, na nyuma yangu nikasikia mtu akinong'ona, "Mzee Bado kaingia kazini!"

Ndani ya pipa alikuwamo kuku anayeatamia. Mke wangu alikuwa amemtandikia nyasi bila kunijulisha. Nilimwomba kuku atoke, kwa maneno mazuri. Akanidonoa. Umeme ukarudi, mkwe wangu akabonyeza kitufe, na jiko likaendelea na kazi kana kwamba hapakuwa na mtu mzima aliyesimama uani na koleo.

Kwa hiyo naomba ukurasa wako uombe radhi. Naomba pia makala yajayo yamshauri mnunuzi achague jiko lenye kasoro zinazofaa: lizimike bila sababu, lisumbue, na limtambue shemeji. Ikiwa hilo haliwezekani, basi itungwe sheria kwamba kila jiko la peleti liuzwe pamoja na mstaafu mmoja, mwenye kiti chake, koleo lake na haki ya kuonja wa kwanza. Wastaafu tupo wengi, na tumehifadhiwa mahali pakavu.

Wasalimie wahariri wenzako, wapiga chapa, mlinzi wa getini, na huyo anayesahihisha kurasa zako, kama yupo. Mke wangu anakusalimu. Shemeji hakusalimu, lakini hilo lisikusumbue. Hanisalimu hata mimi.

Wako, niliyeporwa neno,

Mzee Bado

Baada ya sahihi: Tafadhali usiichapishe barua hii. Leo ni Jumapili, na mkwe wangu ameitwa buchani kutengeneza friji. Kabla ya kuondoka aliliunganisha jiko na simu yangu, akaizima kengele, akaninong'oneza, "Baba, nyama ikiiva utajua wewe tu. Mwingine yeyote hatajua." Ni kijana mwenye malezi mema, na nilisema hivyo tangu alipoposa. Simu imetetemeka kwenye mfuko wa shati langu. Nimeichungulia: tayari. Nimekwisha kuonja, na ubavu ni laini kuliko wowote niliowahi kuuchoma kwa mkaa. Basi yale ya radhi na sheria yafute, ila lile la haki ya kuonja uliache. Unijulishe pia peleti za mti gani zinafaa kwa kuku wa kuchoma. Yule wa kwenye pipa hamo katika mipango hiyo, tumepatana.

Shemeji amekuja hivi sasa ninapoandika, amenusa, amemeza mate, ameniuliza, "Shemeji yangu mpenzi, tayari?"

Sijainua macho. Nimemwambia bado.